Takwimu Zishuke Darasani

Mkoa wa Simiyu unajua vizuri namba inavyoweza kuwasukuma watu kazini. Ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza, na katika miaka yake ya mwanzo haukutajwa kwa sifa matokeo ya mitihani ya taifa yalipotangazwa. Kisha zikaja kambi za kitaaluma, Anthony Mtaka akiwa mkuu wa mkoa kati ya 2016 na 2021. Wanafunzi wa madarasa ya mtihani walikusanywa pamoja, walimu mahiri wakaitwa kuwanoa, mitihani ya majaribio ikatungwa na kusahihishwa, na kila shule ikajua imesimama wapi. Mkoa ukapanda. Kila mtu ana maoni yake kuhusu kambi hizo, lakini zilituonyesha jambo moja: wenye mamlaka wakiitazama namba kwa makini, ratiba hubadilika, fedha hupatikana na walimu hupangwa upya.

Asilimia ya ufaulu, hata hivyo, humhesabu aliyeketi katika chumba cha mtihani. Mtoto aliyeacha shule akiwa darasa la tatu kwa sababu herufi hazikumkaa kichwani, na hakuna aliyejua la kumfanyia, hayumo. Yule anayekuja siku mbili kwa wiki kwa kuwa kelele za darasa humvuruga hadi akaziba masikio, yumo kwa jina tu. Wa tatu hakuandikishwa kabisa. Mama yake aliambiwa na majirani kwamba shule haitamweza, naye akaamini. Watoto hawa watatu wanaweza kuishi katika kitongoji kimoja cha Bariadi, hapa Simiyu, na shule ya jirani ikaendelea kusifiwa bila wao.

Hao ndio ninaowazungumzia: watoto ambao ubongo wao hupokea na kupanga mambo kwa njia tofauti na ya wenzao wengi. Mwenye usonji, mwenye disleksia, mwenye ule upungufu wa utulivu na umakini ambao wataalamu huuita ADHD, mwenye kushindwa hesabu ilhali mengine anayaweza. Wengi wao hawana alama yoyote mwilini. Mtoto anaona, anasikia, anatembea, na jioni anarudisha ng'ombe wa baba yake zizini bila kupoteza hata mmoja. Shule ikishindwa kumfundisha, lawama humwangukia yeye: mtukutu, mvivu, mzito wa kuelewa. Fimbo hufuata, na baada ya fimbo utoro. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma sawa na mtoto mwingine yeyote, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi umekuwapo tangu 2009. Haki anayo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwona, na katika mfumo wa serikali mtu huonwa kwanza kwenye karatasi.

Tuiangalie karatasi yenyewe. Kila mwaka mwalimu mkuu hujaza takwimu za shule yake, zikapita halmashauri na mkoa hadi Dodoma, kwenye ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, OR-TAMISEMI, ambako hujumlishwa na kuchapishwa kwa taifa zima. Ndani yake mna sehemu ya wanafunzi wenye ulemavu, imegawanywa kwa makundi: ualbino, uziwi, kutoona, uoni hafifu, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili, usonji na mengineyo. Kuwamo kwa usonji ni hatua. Lakini mwalimu anapofika kwenye safu hiyo, ataandika nini? Nani amemwambia kwamba fulani ana usonji? Hospitali kubwa ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, na iko Mwanza. Mzazi wa Nkololo au Dutwa, vijijini Bariadi, anayetaka mtoto wake aonwe na mtaalamu huko anahitaji nauli ya watu wawili, pa kulala, na mtu wa kumwachia mifugo na shamba, tena kwa safari zaidi ya moja, kwa sababu usonji hautambuliwi kwa kipimo cha damu wala kwa kumwona mtoto mara moja.

Kwa hiyo safu ya usonji hujaa pale ambapo tayari pana kitengo cha watoto hao, kama kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, na hubaki na sifuri pale ambapo hakuna chochote. Ikifika Dodoma, sifuri hiyo ni rahisi kusomwa kana kwamba hakuna mtoto wa namna hiyo, na penye sifuri hapapangwi mwalimu wala kitengo. Mwaka unaofuata mambo yanajirudia. Mwalimu mwenye huruma, asiyetaka kumwacha mtoto nje ya fomu, humwingiza kwenye ulemavu wa akili, kwa kuwa ndiyo safu iliyo karibu zaidi na anachokiona. Mtoto mwenye akili timamu kabisa, asiyeweza kusoma tu, anapewa jina litakalomfuata hadi mwisho wa shule ya msingi.

Namba za ulemavu hufuata swali lililoulizwa kuliko tunavyodhani. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilipata asilimia 3.5 ya watu wenye ulemavu. Ile ya 2019 ikapata asilimia 2.2. Wakenya hawakuponywa katika miaka kumi hiyo. Maswali na kiwango cha ugumu kinachohesabika ndivyo vilivyobadilika. Kwetu Tanzania, Sensa ya 2012 ilitoa asilimia 9.3 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi, na ile ya Agosti 2022 ikatoa asilimia 11.2. Maswali ya sensa za siku hizi yanafuata utaratibu wa Kundi la Washington, jopo la kimataifa la takwimu za ulemavu lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001. Huulizwa kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia na kuwasiliana. Ni maswali mazuri kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka minane asiyeweza kukaa na wenzake au anayeparaganyika ratiba ikibadilishwa ghafla, yanapita juu ya kichwa chake.

Pengo hilo lilijulikana, na mwaka 2016 Kundi la Washington na UNICEF wakatoa maswali ya watoto peke yao. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17 ni maswali 24. Mbali na macho, masikio na miguu, yanauliza kuhusu kujifunza, kukumbuka, kuzingatia jambo moja, kukubali mabadiliko, kujizuia, kupata marafiki, wasiwasi na huzuni. Mengi yanamtaka anayejibu amlinganishe mtoto na wenzake wa rika lake, na jibu lina ngazi nne: hana ugumu, ana ugumu kiasi, ana ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Hakuna anayeulizwa jina la ugonjwa. Mama asiyewahi kusikia neno usonji anaweza kujibu yote, kwa sababu anachoulizwa ni kile anachokiona nyumbani kila siku. Mwalimu naye anaweza. Ndiyo maana nayathamini kuliko safu za makundi: yanampa mtu wa Bariadi uwezo wa kutoa taarifa sahihi bila kumsubiri daktari wa Mwanza.

Namba kubwa zina kazi yake, na sizibezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Simiyu ilihesabiwa watu 2,140,497 katika Sensa ya 2022. Uwiano huo ukiwa sawa hapa, mkoa una karibu watu 16,850 wenye usonji, watoto kwa wazee. Hayo ni makadirio ya kukokotoa mezani, lakini yanatosha kumwambia mpanga bajeti kwamba sifuri nyingi zilizo kwenye fomu haziwezi kuwa kweli. Na kwa jirani zetu wa Kilifi, Kenya, kuna namba za utafiti wenyewe. Watafiti wa huko waliwapima watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9, wakianza na maswali kumi mepesi nyumba kwa nyumba na kuwaita baadhi kwa uchunguzi wa kina. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2006, watoto 61 kati ya kila 1,000 walikuwa na kasoro ya wastani au kubwa ya mfumo wa fahamu. Kilifi ni vijijini kama kwetu, wakulima na wafugaji, eneo la malaria.

Hata hivyo, hakuna namba kati ya hizo inayomsaidia mwalimu wa darasa la pili Jumatatu asubuhi. Yeye hahitaji kujua ni wangapi kati ya elfu. Anahitaji kujua ni nani, kitu gani kinamshinda, na kesho afanye nini.

Na hapo panahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu Bariadi ina jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam anaweza asilione. Mtoto wa kijijini hukua akizungumza Kisukuma, tena kile cha Wanyantuzu, na siku ya kwanza shuleni anakutana na mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili. Akikaa kimya wiki tatu, mwalimu ana mambo mawili mbele yake ambayo kwa nje yanafanana: mtoto anayeelewa ila hajaijua lugha, na mtoto ambaye lugha yoyote ingempa shida. Kuwachanganya ni hatari pande zote mbili. Wa kwanza anaweza kuandikwa mlemavu wa akili bure. Wa pili anaweza kuachwa miaka mitatu kwa maneno ya "atazoea, Kiswahili chake bado". Dawa yake ni rahisi kiasi kwamba inasikitisha tunavyoisahau: muulize mambo yaleyale kwa Kisukuma. Mwambie akusimulie alivyochunga jana. Akitiririka, tatizo ni lugha ya darasa. Asipoweza kusimulia hata kwa lugha ya mama yake, na nyumbani wanasema ndivyo alivyo tangu mdogo, umepata taarifa ya maana. Fomu isiyo na nafasi ya kuandika "ameulizwa kwa lugha gani" haifai kutumika Simiyu.

Makosa ya aina hii yamewahi kufanyika kwingine, tena katika nchi tajiri. Mwaka 1971 Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada aliyekuwa akifundisha London, alichapisha kijitabu kilichoonyesha jinsi watoto wa wahamiaji wa visiwa vya Karibi walivyopelekwa kwa wingi kupita kiasi katika shule za waliohesabiwa kuwa na akili pungufu. Vipimo vya akili vilikuwa vimetungwa kwa ajili ya watoto wengine, wenye malezi mengine na usemi mwingine. Namba zilikuwapo, zimepigwa mihuri, na zilikuwa zinawaumiza watoto.

Karibu nasi zaidi kuna kazi ya Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi Zambia. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979 aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ya kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa waya, wa Lusaka walishinda, maana ni watoto wanaojitengenezea magari ya waya tangu wadogo. Kwa udongo wa kufinyanga walikwenda sambamba. Mtu aliyepima kwa kalamu tu angerudi na takwimu sahihi na hitimisho la uongo. Mwalimu wa Bariadi anayetaka kujua kama mtoto anaweza kupanga vitu kwa utaratibu anao mawe, vizibo, mbegu, na huko nyumbani anao ng'ombe wenye rangi na mabaka tofauti ambao mtoto huwatambua mmoja mmoja. Apime pia kwa hivyo.

Kusoma kuna ujanja wake. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa. Silabi ikishajulikana, inabaki vilevile kila mahali. Katika lugha za namna hiyo, kama Kitaliano na Kijerumani, watafiti wamekuta kwamba disleksia hujitokeza zaidi kwa polepole kuliko kwa makosa. Mtoto anafika mwisho wa sentensi, na anafika sawa, ila kwa jasho, silabi moja moja, na akifika amesahau mwanzo. Mwalimu anayehesabu makosa tu atampa alama ya vema na kuendelea. Kwa hiyo saa ya ukutani au ya simu ni chombo cha takwimu: silabi ngapi kwa dakika moja mwezi huu, ngapi mwezi ujao. Wako pia wanaosoma kitabu cha darasa bila kutazama, kwa kuwa wamekishika kichwani chote. Mwandikie maneno yasiyo na maana, nepu, bofa, lemi, uone. Aliyejua silabi atayasoma. Aliyekariri atakutazama usoni akisubiri umsaidie.

Vipimo vya aina hiyo vimeshafanyika nchini. Tathmini ya kitaifa ya kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK) ya mwaka 2013 ilikuta asilimia 8 tu ya wanafunzi wa darasa la pili wakisoma kwa ufahamu katika kiwango kilichotarajiwa. Namba hiyo ilitikisa, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaandikwa upya kuzunguka KKK. Lakini tazama inachomaanisha kwa watoto ninaowazungumzia. Darasa zima likiwa halisomi, mwenye disleksia amejificha katikati ya kundi. Ufundishaji wa wote ukiboreshwa, wengi wanasogea, na wale wanaobaki palepale wanaonekana. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema tushughulikie kwanza elimu ya wote, hawa maalum tutawafikia baadaye. Ni kazi moja. Upimaji uleule wa KKK unaomwambia mwalimu darasa limefika wapi ndio unaomwonyesha nani hakusogea.

Simiyu imepata bahati ya kuwa ndani ya miradi miwili mikubwa iliyofadhiliwa na Uingereza: EQUIP-Tanzania, iliyoanza mwaka 2014, na baada yake Shule Bora. EQUIP-Tanzania iliwapa walimu wakuu vishikwambi na mfumo wa taarifa za shule ili mahudhurio na takwimu nyingine ziingizwe shuleni penyewe. Baada ya Sensa ya 2022, serikali nayo iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani kuhesabu watu. Vifaa, basi, vipo. Maswali ya watoto ya mwaka 2016 yanaweza kuwekwa humo. Ninachokiogopa ni kwamba kishikwambi kitazidisha kasi ya taarifa kupanda, na kwenda juu hazikuwahi kushindwa. Mwalimu hutuma, ofisi hupokea, ripoti huandikwa, na hakuna siku inayorudi shuleni barua ya kusema: mtoto wako huyu, tumeona, fanya hivi, na tarehe fulani tutakuja kumtazama. Mwalimu aliyejaza fomu miaka sita bila kurudishiwa kitu hujifunza kujaza upesi.

Nieleze taarifa yenye faida inavyoonekana, kwa mfano wa kubuni. Mtoto wa kiume, darasa la pili, wanafunzi zaidi ya mia chumbani. Hatulii, hushika vitu vya wenzake, husimama katikati ya somo. Mwalimu anachukua daftari la kawaida na kwa wiki mbili anaandika mistari michache kila siku. Saa ngapi alisimama? Somo gani lilikuwa likiendelea? Nani alikaa karibu naye? Baada ya wiki mbili anasoma alichoandika. Asubuhi mtoto hutulia. Vurugu huanza karibu saa tano, na siku za shule kutoa uji huchelewa. Hesabu kwa vizibo huzifanya hadi mwisho. Kunakili ubaoni hawezi hata dakika tano. Akikaa nyuma karibu na dirisha, ndiyo siku mbaya. Mwalimu sasa ana mambo matatu ya kujaribu bila ruhusa ya mtu: amhamishie mbele, amkatie kazi ya kunakili iwe vipande vidogo, na ampe jukumu la kusimama, kama kugawa madaftari, kabla ya saa ile ngumu. Anaendelea kuandika wiki mbili nyingine. Ikipungua, imepungua kwa ushahidi. Isipopungua, anazo kurasa za kumkabidhi afisa elimu maalum wa halmashauri au daktari, na daktari huyo atafanya kazi kwa nusu ya muda ambao angeutumia akianza na mzazi aliyechoka kwa safari.

Darasa la watoto mia moja halimruhusu mwalimu kuandika hivyo kwa kila mtoto, na simtaki afanye hivyo. Achague wanne au watano ambao daftari la mahudhurio na kipimo cha KKK vimewaonyesha. Mahudhurio yenyewe yanasema mengi yakisomwa kwa kulinganisha. Wakati wa kuvuna pamba, kuanzia Mei, darasa zima hupungua. Hiyo ni pamba. Mtoto mmoja anayekosa kila siku ya jaribio, au anayefika asubuhi na kutoweka baada ya mapumziko wakati ndugu zake wamebaki, anakwambia jambo jingine. Vikao vya walimu vya kujifunza pamoja chini ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ni mahali pazuri pa kuzisoma kurasa hizo. Walimu wanne wakimjadili mtoto mmoja kwa nusu saa, na ushahidi mezani, watatoka na jambo la kujaribu hata kama hakuna kati yao aliyesomea elimu maalum katika chuo cha ualimu cha Patandi.

Msimamo wangu ni kwamba msaada usisubiri jina la hali. Finland ilifanya hivyo mwaka 2011 ilipopanga msaada wa wanafunzi katika ngazi tatu, kuanzia ule wa kila mtoto hadi ule maalum, na mtoto akaweza kuanza kusaidiwa bila hati ya daktari kwa sababu tu mwalimu ameona anabaki nyuma. Sisi, wenye madaktari wachache mno kuliko wao, ndio tungepaswa kuwa tumeshikilia utaratibu huo kwa mikono miwili. Jina lina umuhimu wake. Mzazi aliyeambiwa "huu ni usonji" huacha kujilaumu na huacha kwenda kwa waganga kutafuta aliyemroga mwanawe. Baraza la Mitihani nalo huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine, na huwezi kuongezewa kama hukuandikwa mapema kuwa na hitaji hilo. Makundi yanayotajwa kila mwaka ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Mtoto wa disleksia, ambaye dakika kumi hizo zingempa nafasi ya kumaliza kusoma swali, anahitaji kundi lake, na kumbukumbu za shule tangu darasa la pili ndizo zingekuwa ushahidi wake.

Lipo jambo ambalo mtu wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa kwa urefu. Watoto wenye ualbino wa mikoa hii waliwindwa. Baadhi waliuawa, na wengine wakaondolewa makwao na kulelewa katika vituo kama Buhangija mjini Shinyanga. Hapa orodha ya watoto walio tofauti ikiangukia mikono mibaya inaweza kuua. Mzazi anayeficha mtoto karani anapobisha hodi ana sababu zake, na kumwita mshamba ni kumkosea heshima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazipa ulinzi wa pekee taarifa za watoto na za afya. Lakini sheria haijui kwamba orodha imebandikwa ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu, wala kwamba majina yametumwa kwenye kundi la WhatsApp la kata ili "wahusika wafuatilie". Kanuni iwe ngumu: jina la mtoto likae shuleni, kwenye kabati lenye kufuli, na mzazi aoneshwe kilichoandikwa. Kinachopanda halmashauri kiwe idadi na aina ya mahitaji. Jina lipande kwa ridhaa ya mzazi tu, kwa mtu mmoja anayejulikana, kwa huduma inayojulikana.

Na huduma iwepo. Kumpima mtoto, kumwambia mama yake kwamba ana ugumu mkubwa wa kujifunza, kisha kufunga daftari na kuondoka, ni kumwongezea mama mzigo. Kenya ilianzisha vituo vyake vya kupima na kuwaelekeza watoto wenye mahitaji maalum mwaka 1984, na kituo cha namna hiyo kinafaa pale tu penye shule iliyo tayari kumpokea mtoto baada ya kupimwa. Bariadi ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Kila moja ikiwa na walimu wachache tu wa elimu maalum wanaozunguka shule kwa ratiba, wakiongozwa na mahitaji yaliyoandikwa na shule zenyewe, watoto wengi watafikiwa kuliko kwa kujenga kitengo kimoja mjini ambacho mtoto wa Nkololo hatakiona.

Ombi langu kwa halmashauri hizo mbili ni dogo na lina gharama ya mafuta ya pikipiki. Wakati wa kujaza takwimu za shule ukifika tena, afisa elimu maalum asizisubiri ofisini. Aende shuleni, akae na walimu wa darasa la kwanza na la pili, afungue nao madaftari ya mahudhurio na matokeo ya KKK, wachague watoto wao wachache na kuwauliza kwa Kisukuma. Kabla ya kuondoka aache shuleni maandishi ya mambo matatu: mtoto, kitu cha kujaribu, na tarehe atakayorudi. Kisha arudi.